Mtoto haumwi, mama alichomwa sindano siku 12 kabla ya kujifungua: je, mtoto atibiwe kaswende?

SWALI: Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo kidogo cha afya. Juzi mama mwenye mimba ya pili alijifungua salama mtoto wa kike wa kilo 3. Alichelewa kuanza kliniki, akapimwa kaswende mimba ikiwa na wiki 37, kipimo kikaonyesha maambukizi, akachomwa sindano moja ya penisilini ya benzathini uniti milioni 2.4, na siku 12 baadaye akajifungua. Mtoto ananyonya vizuri na sioni kasoro yoyote. Kipimo cha haraka tulichofanya kwa damu ya kitovu kimeonyesha maambukizi, lakini maabara ya hospitali imetuletea majibu ya RPR, kipimo cha damu kinachoonyesha wingi wa kingamwili kwa namba (1:16 ni kiwango cha juu kuliko 1:4): mtoto 1:4, mama 1:16. Mwenzangu anasema kwa kuwa kiwango cha mtoto ni cha chini na mama amekwisha kutibiwa, tuwaruhusu. Je, mtoto atibiwe? Na kwenye rejista nimwandike kuwa ana kaswende ilhali haumwi?

JIBU: Ndugu muuguzi, nianze na lile lisiloweza kusubiri. Mtoto huyu asiende nyumbani bila dawa, na ndiyo, aandikwe kwenye rejista kuwa mtoto mwenye kaswende ya kuzaliwa nayo. Majibu yote mawili yanatokana na jambo moja, nalo ni idadi ya siku kati ya sindano ya mama na kujifungua. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mama huhesabiwa kuwa alitibiwa ipasavyo kwa ajili ya mtoto wake ikiwa alipata angalau sindano moja ya benzathini ya uniti milioni 2.4, siku 30 au zaidi kabla ya kujifungua. Mama wako alipata siku 12. Yeye mwenyewe huenda ameanza kupona, lakini hatuna msingi wa kudhani kwamba mtoto aliyekuwa tumboni amepona pamoja naye.

Siku 30 hazikuwekwa kwa kubahatisha. Bakteria wa kaswende, anayeitwa treponema, huzaliana polepole mno akilinganishwa na bakteria wengi tunaowajua: huhitaji saa 30 hadi 33 hivi ili mmoja awe wawili. Penisilini humuua bakteria pale anapojenga ukuta wake ili agawanyike, kwa hiyo ni lazima dawa iwepo mwilini siku nyingi mfululizo, na kwa mtoto aliye tumboni ni lazima kwanza ivuke kondo la nyuma, kisha ifike kwenye ini, mifupa na ubongo wake. Ndiyo maana pia mama aliyepewa erithromaisini au azithromaisini badala ya penisilini huhesabiwa kama hakutibiwa kabisa kwa upande wa mtoto, kwa sababu dawa hizo hazivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kutegemewa. Mjamzito mwenye mzio wa penisilini hupelekwa hospitali azoeshwe dawa hiyo kwa dozi ndogo ndogo chini ya uangalizi, kisha apewe penisilini ileile.

Sasa hoja ya mwenzako kuhusu 1:4 na 1:16, ambayo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa watu makini. Kingamwili za mama za aina ya IgG huvuka kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, kwa hiyo RPR ya mtoto mchanga inaweza kuonyesha maambukizi hata kama yeye hajaambukizwa. Kwa sababu hiyo tunalinganisha namba. Kiwango cha mtoto kikiwa mara 4 ya kile cha mama au zaidi, yaani katika kisa chako kikifika 1:64, tunajua kwamba mwili wa mtoto unatengeneza kingamwili zake, na ugonjwa unakaribia kuthibitika. Lakini kanuni hiyo haigeuzwi kichwa chini. Wachanga wengi walioambukizwa kweli wana kiwango sawa na cha mama au cha chini zaidi, hasa wale walioambukizwa mwishoni mwa mimba ambao miili yao haijapata muda wa kujibu. Namba kubwa humtia mtoto hatiani. Namba ndogo haimtoi.

Kuhusu kipimo cha haraka cha damu ya kitovu, naomba msikifanye tena kwa wachanga. Vipimo vingi vya haraka hutafuta kingamwili mahususi za treponema, na hizo za mama hukaa katika damu ya mtoto kwa miezi 15 na wakati mwingine 18, kwa hiyo jibu mlilopata linasema tu kwamba mama alikuwa na kaswende, jambo mlilolijua tayari. Damu ya kitovu nayo huchanganyika na damu ya mama au na ute wa kitovu chenyewe, ikaleta majibu ya uongo ya pande zote mbili. Kinachohitajika ni damu ya mtoto iliyotoka kwenye mshipa wake, ipimwe RPR au VDRL (kipimo kingine cha aina hiyohiyo) kwa namba, kwa kipimo kilekile alichopimwa mama na katika maabara ileile. RPR ya mtoto hailinganishwi na VDRL ya mama. Na mtoto akiwa na dalili za wazi huku RPR yake ikionekana safi, waombeni maabara waizimue damu na kuipima upya, kwa sababu kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi zinaweza kukizuia kipimo kisionyeshe kitu.

Unaandika kwamba huoni kasoro, nami nakuamini, ila ningependa umchunguze upya mkiwa na mwanga wa kutosha na mtoto akiwa hana nguo. Wengi wa wachanga wenye kaswende huzaliwa bila dalili, kisha dalili hujitokeza ndani ya miezi 3 ya kwanza, kwa hiyo dalili ndogo iliyopo leo ina thamani kubwa. Kaswende ya mtoto haina kidonda cha mwanzo kama ya mtu mzima, kwa kuwa bakteria huingia moja kwa moja katika damu na kusambaa mwili mzima. Anza na tumbo: ini lililovimba, mara nyingi pamoja na wengu, ndiyo dalili inayoonekana zaidi, na manjano au upungufu wa damu huweza kuandamana nayo. Kisha ngozi. Upele wa madoa mekundu yanayogeuka rangi ya shaba, malengelenge au ngozi inayobanduka kwenye viganja na nyayo ni jambo la kukushtua, kwa kuwa ni magonjwa machache ya wachanga yanayoleta malengelenge mahali hapo. Tazama pua. Mafua mazito yasiyokoma, yenye usaha au damu, yanayomfanya mtoto akorome anaponyonya, ni ya kaswende mpaka ithibitike vinginevyo, na kamasi hizo zimejaa bakteria, kwa hiyo mhudumu avae glovu mpaka mtoto amalize saa 24 za matibabu. Papasa tezi, pamoja na zile ndogo zilizo juu kidogo ya kiwiko kwa ndani, ambazo kwa kawaida hatuzitafuti.

Viungo navyo vinastahili subira yako. Nimewahi kuletewa mtoto wa wiki 6 ambaye mkono wake mmoja ulilegea na ambaye alilia kila aliposhikwa. Alikuwa amekwisha kufungwa bandeji mara mbili kwa kudhaniwa kwamba aliteguka wakati wa kuzaliwa. Mkono haukuwa umepooza wala kuteguka. Kaswende ilikuwa imekula mwisho wa mfupa karibu na bega, na mtoto hakuusogeza kwa sababu ya maumivu. Kwenye kadi ya mama yake paliandikwa alama ya kujumlisha mbele ya neno kaswende, na baada ya hapo hapakuwa na neno lingine: hakuna dawa, hakuna tarehe, hakuna aliyetia saini. Tangu siku hiyo siwezi kuitazama alama hiyo ikiwa peke yake bila kuuliza ilifuatwa na nini.

Kama kondo la nyuma bado halijatupwa, lipime uzito na uliangalie. Kondo kubwa kupita kiasi, nene na lililopauka, au kitovu kilichovimba chenye mistari ya rangi inayokizunguka, ni ushahidi, na hospitali yenye maabara ya kutosha inaweza kumtafuta treponema humo kwa darubini maalumu au kwa kipimo cha vinasaba.

Vipimo vinavyohitajika kwa mtoto wa kundi hili ni hesabu kamili ya damu pamoja na chembe sahani, picha za eksirei za mifupa mirefu, na maji ya uti wa mgongo yapimwe VDRL, idadi ya seli na protini. Katika eksirei daktari atatafuta ncha za mifupa zilizolika, hasa upande wa ndani wa goti kwenye miguu yote miwili, na utando wa mfupa ulionenepa. Maji ya uti wa mgongo yasomwe na mtu anayejua wachanga, kwa kuwa mchanga mwenye afya anaweza kuwa na seli nyeupe hadi 25 na protini hadi miligramu 150 kwa desilita, namba ambazo kwa mtu mzima zingetisha. Hata hivyo, wapo wataalamu wanaotumia mipaka ya chini zaidi, seli 5 na miligramu 40, ili wasimwache mgonjwa. Macho yachunguzwe, na masikio yapimwe pale inapowezekana.

Hapa ndipo hali ya kituo chako inapoingia katika uamuzi. Miongozo ya Marekani inaruhusu mtoto kama huyu apewe dozi moja tu ya benzathini, uniti 50,000 kwa kila kilo, ikiwa vipimo vyote nilivyovitaja vimefanyika, vyote viko sawa, na mna hakika kwamba atarudi kufuatiliwa. Kimoja kikikosekana, au maji ya uti wa mgongo yakitoka na damu hata yasisomeke, ruhusa hiyo inafutika na mtoto anapata matibabu ya siku 10. Benzathini haifiki katika ubongo kwa kiasi cha kutosha, kwa hiyo kuitumia bila kujua hali ya ubongo ni kumbahatisha mtoto. Kwa kuwa hukutaja eksirei wala kipimo cha uti wa mgongo, ushauri wangu ni siku 10 kamili.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni penisilini ya kristali kwa mshipa, uniti 50,000 kwa kilo kila baada ya saa 12 katika siku 7 za kwanza za maisha, kisha kila baada ya saa 8 mpaka zitimie siku 10 za matibabu. Kwa mtoto wako wa kilo 3 kila dozi ni uniti 150,000. Ya pili ni penisilini ya prokaini, uniti 50,000 kwa kilo, sindano moja kwa siku kwenye msuli wa paja kwa siku 10, ambayo kwake ni uniti 150,000 kila siku. Shirika la Afya Duniani linataja siku 10 hadi 15 kwa njia zote mbili. Mtoto mwenye dalili, au ambaye maji yake ya uti wa mgongo si ya kawaida, mpeleke hospitali apate dawa ya mshipa. Mtoto asiye na dalili anaweza kumalizia prokaini kituoni kwenu, mradi anapimwa uzito kila siku na asikose. Ikipita zaidi ya siku moja bila dawa, hesabu inaanza upya kutoka siku ya kwanza, na sababu ni ileile ya bakteria anayezaliana polepole.

Naomba msisitizo katika jambo moja la usalama. Prokaini na benzathini ni dawa za msuli peke yake. Zikiingia kwenye mshipa wa damu zinaweza kuua, na chupa zake hufanana mno na chupa ya kristali. Anayechanganya dawa asome jina kwa sauti mbele ya mwenzake kabla ya kuvuta sindano, kila siku, hata siku ya 9.

Kama mtoto aliwahi kupewa ampisilini kwa kuhofiwa maambukizi ya damu, siku hizo zisipunguzwe kwenye zile 10. Katika saa 24 za mwanzo homa inaweza kupanda kwa sababu ya bakteria wanaokufa kwa wingi. Mfuatilie kwa karibu, wala usiache penisilini. Mama aendelee kunyonyesha, kwani kaswende haipitii katika maziwa, isipokuwa awe na kidonda cha kaswende kwenye titi, na hapo titi hilo lingoje mpaka litibiwe.

Nimebakiza swali lako la rejista, ambalo naliona zito sawasawa na la dawa. Unasita kuandika kaswende kwa mtoto asiyeumwa, na kusita huko kunaonyesha uaminifu. Lakini katika ufuatiliaji wa ugonjwa huu, mtoto huhesabiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtoto wa chini ya miaka 2 mwenye ushahidi wa ugonjwa mwilini, katika eksirei au katika maabara. Ya pili ni mtoto aliyezaliwa hai, mtoto mfu, au mimba iliyotoka baada ya wiki 20 au ikiwa na zaidi ya gramu 500, kwa mama mwenye kaswende ambaye hakutibiwa ipasavyo, bila kujali mtoto anaonekanaje. Mtoto wako anaingia kwa mlango huu wa pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 kulikuwa na visa 700,000 hivi vya kaswende ya kuzaliwa nayo duniani, na 390,000 kati ya hivyo vilileta madhara yaliyoonekana: mimba zilizoharibika na watoto wafu 150,000, vifo vya wachanga 70,000, watoto njiti au wenye uzito pungufu 55,000, na wenye dalili 115,000. Waliobaki, zaidi ya laki 3, ni watoto kama huyu wako, na kama wasingeandikwa wasingehesabiwa. Watoto wafu nao husahaulika kwenye rejista kuliko wote, kwa kuwa hakuna anayebaki wa kutibiwa.

Kwenye jalada la mtoto andika habari za mama kwa namba na tarehe: siku aliyopimwa, aina ya kipimo, kiwango cha RPR, umri wa mimba, jina kamili la dawa, uniti, tarehe ya kila sindano, na kisha hesabu uliyofanya, “siku 12 kabla ya kujifungua”. Neno “ametibiwa” lisisimame peke yake, maana atakayelisoma baada ya miezi 6 hatajua kama ilikuwa benzathini au vidonge, wala kama ilikuwa wiki mbili au miezi mitano kabla. Mama akisema alitibiwa mahali pengine na hakuna maandishi, tafuta kituo hicho siku hiyohiyo. Usipopata uthibitisho, mtoto anahesabiwa kuwa mama yake hakutibiwa. Upande wa mtoto, andika pia usichokikuta: ini halipapasiki, ngozi ya viganja na nyayo ni safi, viungo vyote vinne vinasogea. Andika RPR 1:4 na tarehe yake, kwa sababu namba hiyo ndiyo mtakayoitumia kumpima maendeleo. Kila dozi ya siku 10 iwe na saa, uniti, njia iliyotumika na saini. Katika uainishaji wa magonjwa wa ICD-10 ugonjwa huu uko chini ya A50. Wenye dalili za mapema ni A50.0, na aliyeambukizwa bila dalili ni A50.1. Iwapo vipimo vya baadaye vitaonyesha kwamba hakuwa ameambukizwa, jambo hilo huandikwa wakati wake bila kufuta la leo.

Kadi ambayo mama ataibeba nyumbani itasomwa na macho mengi. Mweleze faraghani kilichoandikwa na kwa nini, mkubaliane jinsi kitakavyoandikwa kwenye kadi hiyo, na maelezo kamili yabaki kwenye jalada la kituo.

Mama mwenyewe hajamaliza matibabu. Kama haijulikani aliambukizwa lini, anahitaji sindano 3 za benzathini, moja kila wiki, na sasa anadaiwa 2; lakini kwa kuwa tangu ile ya kwanza zimepita karibu wiki 2, mwanzisheni upya zote 3. Mwenza wake aitwe na kutibiwa, wote wawili wapimwe Virusi vya Ukimwi kama bado, na kama mtoto wake wa kwanza yu hai, naye aletwe achunguzwe.

Baada ya siku 10, mtoto apimwe RPR kila miezi 2 au 3 mpaka isionyeshe kitu. Kingamwili za mama peke yake hupungua kufikia mwezi wa 3 na kwisha kufikia wa 6. RPR ikisimama palepale au ikipanda baada ya hapo, apelekwe hospitali kwa uchunguzi kamili, pamoja na maji ya uti wa mgongo, na atibiwe tena. Akitimiza miezi 18 apimwe kile kipimo cha kingamwili mahususi, kwa sababu wakati huo za mama zitakuwa zimekwisha, na kikionyesha maambukizi ni yake mwenyewe. Tarehe ya siku hiyo iandike kwenye daftari la miadi leo, mama akiwa bado wodini.